Saiba ya Malindi inayojua kuandaa maombi ya kazi za vyuo vikuu

Mhadhiri wa huku Pwani anayeomba kazi kubwa ya chuo kikuu asijisumbue kupanda basi hadi Nairobi kutafuta wa kumwandalia makaratasi. Hapa Malindi, jirani na soko la zamani, iko saiba moja ghorofani, kompyuta chache na mashine ya kujalidi, na kazi yao imeniridhisha kabisa. Mimi ni profesa mshiriki; nimeongoza idara, na sasa ni mkuu wa kitivo. Nilikuwa naomba nafasi ya Naibu Makamu Chansela anayesimamia taaluma.

Kijana wa pale aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akapokea wasifukazi wangu, na kabla ya kugusa kibodi akataka kuliona tangazo lenyewe. Akalisoma lote. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, makala yako yamejaza kurasa na kurasa. Haya uliyoyaongoza yako wapi?"

Swali hilo limegusa kiini cha kazi yenyewe. Msimamizi wa taaluma, ambaye Marekani huitwa provosti na ndiye bosi wa wakuu wa vitivo, hapimwi kwa makala pekee. Mitaala inayopelekwa Seneti ya chuo hupitia kwake, na programu mpya haifunzwi mpaka iidhinishwe na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Mitihani, ratiba, alama za mwanafunzi zilizopotea siku chache kabla ya mahafali: yote huishia mezani pake. Utafiti utakufikisha kwenye uprofesa, lakini kutoka hapo kwenda juu ni uongozi wa idara, kitivo na kamati za Seneti. Wapo wenzangu hodari, hasa wanawake wa Pwani, wanaokataa uenyekiti wa idara wakiuona mzigo tu, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ngazi inaanzia pale. Inaniuma sana.

Basi akachora jedwali: cheo, miaka, na nilichobadilisha. Kwenye mstari wa idara tukaandika mtaala wa uzamili tulioupitia upya, chini yake wanafunzi wa uzamifu niliowasimamia wakahitimu. Makala yakahamia nyuma.

Hati za Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu, amezibandika ukutani kwa orodha: KRA ya kodi, HELB ya mikopo ya wanafunzi, tume ya maadili, ripoti ya mikopo, cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Alianza na hicho cha polisi kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, maana alama za vidole lazima uende mwenyewe, na cheti huchukua muda kutoka.

Kasoro zipo. Nakala za kwanza za vyeti vyangu zilitoka hafifu, muhuri hausomeki. Akazirudia bila kunidai zaidi. Hawana jenereta, kwa hivyo umeme ukikatika kazi inalala. Kuchapisha ni shilingi 10 kwa ukurasa, na kupanga wasifukazi nililipa 1,500, bei ambayo naiona ya haki kwa mtu anayesoma kabla ya kuandika.

Ijumaa hufunga kwa swala na kufungua tena alasiri. Beba vyeti halisi pamoja na tangazo, tena uende asubuhi, maana mchana wanafunzi hujaa na utasubiri kwenye ngazi.