Sakafu ya Koki Arusha na Moshi: Jikoni Sawa, Bafuni Fikiri Mara Mbili

Kabla ya kuulizia bei ya sakafu ya koki, ile ya gome la mti wala si koki ya bomba, jiulize kwanza kwenu mnadeki vipi. Nyumba nyingi za huku sakafu humwagiwa ndoo nzima, ikasuguliwa kwa fagio gumu, maji yakasukumwa hadi mlangoni. Koki haivumilii hayo. Inataka dekio lililokamuliwa vizuri, na kila anayeshika dekio hapo nyumbani awe ameambiwa.

Koki ni gome la mwaloni unaoota pande za Mediterania, Ureno ikiongoza kwa kuizalisha. Mti haukatwi, hubanduliwa gome, kisha husubiriwa miaka 9 hivi hadi lingine lipevuke. Ndani ya gome mna vijumba vidogo mno vya hewa, ndiyo maana sakafu yake haiumizi unyayo kwa baridi. Aliyewahi kukanyaga tailizi peku alfajiri ya mwezi wa saba pale Arusha hahitaji maelezo zaidi. Moshi mjini sababu hiyo inapungua nguvu, ila ukipanda Machame au Marangu inarudi.

Jikoni, namba moja kwangu ni koki ya vipande vya kubandika kwa gundi, milimita 4 hadi 6, inayopakwa vanishi ikishalazwa ili maungio ya vipande nayo yazibike. Ukisonga ugali wa watu kumi magoti yatakushukuru, na bakuli likiponyoka huenda likapona. Kasoro zipo: miguu ya meza huacha alama, jua la dirishani huipausha, na mtungi wa gesi lazima ukae juu ya ubao. Anayepikia mkaa asiinunue kabisa.

Namba mbili ni tailizi za porselini. Tatu, teraso, ile saruji yenye vipande vya mawe iliyosuguliwa hadi ikang'aa, kama utampata fundi anayeijua bado. Niru ya saruji ni ya mwenye bajeti ndogo, na si aibu, ila nyufa huja.

Ya mwisho ni koki ya mbao za kubana, zile zinazoingiliana bila gundi. Nyingi katikati zina ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, na huo ukinywa maji huvimba usirudi. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba yake haiingii maji. Nikaomba kipande, nikakilaza kwenye beseni. Asubuhi kingo zilikuwa zimeumuka kama andazi. Nawe omba kipande.

Bafuni mpangilio unapinduka. Kama mnaoga kwa ndoo na kopo, au bomba la mvua halina kizuizi, koki achana nayo. Chukua tailizi zisizong'aa, ndogo za sentimita 30 kwa 30, maana hufuata vizuri mteremko wa kwenye tundu la maji kuliko zile kubwa. Za viwanda vya hapa nchini zipo, Goodwill ya Mkuranga na Twyford ya Chalinze, kwa hiyo hata ikivunjika moja si msiba.

Ukiamua koki, zege jipya lisubiri siku 28 angalau, kisha bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe wenye gundi pande zote, ukiache siku nzima. Ukikuta matone chini yake, zege halijakauka; mwambie fundi arudi mwezi ujao. Na kwa kuwa koki ni ya kuagiza, ongeza boksi moja la akiba. Mzigo unaofuata rangi yake inaweza isifanane.