Lords of Chaos: nimeiangalia mara mbili, ya pili mama akiwa sebuleni

Mdogo wangu ana miaka 22, anasomea umeme, na kwa miaka minne sasa chumbani kwake hutoka kelele ambazo jirani mmoja aliwahi kudhani ni mashine ya kusaga iliyokatika mkanda. Ukimuuliza atakwambia ni black metal, muziki wa magitaa makali na mayowe, ya Norwei, ya zamani. Ukicheka ananuna. Mwezi uliopita alinikalisha chini. "Kaka, kuliko kunicheka kila siku, angalia hii filamu kwanza, halafu ndiyo tuongee." Nikaikodi mtandaoni. Mara ya kwanza hela ikakatwa na filamu isifunguke, nikalipa tena, kwa hiyo mimi Lords of Chaos nimeilipia mara mbili na nimeiangalia mara mbili. Nina haki ya kusema.

Onyo kwanza, maana mimi sikupewa. Kuna tukio la mtu kujitoa uhai linaloonyeshwa hatua kwa hatua, bila kamera kugeuka pembeni, na kuna mauaji mawili ya kisu yanayochukua muda mrefu kuliko ulivyozoea kwenye filamu. Kama umempoteza mtu kwa njia hiyo, au wewe mwenyewe unapita kwenye kipindi kizito, achana nayo. Haiongezi kitu ambacho huwezi kukielewa bila kukiona. Watoto wasiwe hata chumba cha pili.

Filamu ni ya 2018, ilianza kuonyeshwa kwenye tamasha la Sundance, Januari ya mwaka huo, na inakaribia saa mbili. Mwongozaji ni Jonas Åkerlund, Msweden, na jina hilo likitajwa mdogo wangu hukaa vizuri kitini. Kabla hajawa mtu wa kuwatengenezea video akina Madonna na Metallica, Åkerlund alipiga dramu kwenye Bathory, 1983 hadi 1984, bendi ambayo vijana wa Norwei waliisikiliza kama msahafu. Kwa hiyo si mgeni aliyekuja kuchungulia dirishani. Hilo linaonekana: anajua jinsi vijana wanavyokaa kwenye sofa chakavu wakibishana bendi ipi ni ya kweli na ipi ni feki, na anajua wakati wa kuwacheka.

Stelingi ni Øystein Aarseth, aliyejiita Euronymous, mtu wa kweli, mpiga gitaa wa Mayhem, bendi ya black metal iliyoanza 1984 karibu na Oslo. Anachezwa na Rory Culkin, mdogo wake yule Macaulay Culkin tuliyemwangalia kila Krismasi akiwatesa wezi. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulikuwa na sheria moja: stelingi hafi. Åkerlund anaivunja mapema, maana sauti ya Euronymous inayosimulia ni sauti ya marehemu, na anasimulia akijua mwisho wake. Sauti inaahidi mateso na kifo. Macho yanaona nyumba safi ya wazazi, jiko la kisasa, familia isiyokuwa na shida yoyote, kijana anahangaika na nywele zake. Hapo nilicheka kwa sauti. Mdogo wangu hakucheka.

Sehemu ya kwanza ndiyo bora kuliko zote, na ni kwa sababu ya Jack Kilmer. Anamcheza Per Yngve Ohlin, mwimbaji kutoka Sweden aliyejiunga na Mayhem 1988 na kujiita Dead, yaani Maiti. Huyu hakuwa akiigiza. Alijipaka uso mweupe na mweusi ili afanane na maiti, alifukia nguo zake ardhini ili zikivaliwa jukwaani zinuke kaburi, alijikata mbele ya watu. Kilmer hamchezi kama kichaa wala kama shujaa; anamcheza kama mtoto aliyechoka sana ambaye hakuna mkubwa hata mmoja anayemwuliza kama amekula. Dead alijitoa uhai Aprili 1991, akiwa na miaka 22, kwenye nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja nje ya Oslo. Euronymous ndiye aliyemkuta. Na filamu inaonyesha jambo ambalo lilitokea kweli: badala ya kukimbilia simu, alitafuta kamera. Alimpiga picha rafiki yake. Mpiga besi wa bendi, anayejulikana kama Necrobutcher, alipoambiwa habari za picha hizo aliondoka Mayhem, na kwenye filamu yeye ni kama mtu pekee mwenye akili timamu katika nusu saa nzima.

Baada ya hapo inakuja Helvete. Maana yake ni jehanamu, lakini lilikuwa duka la sahani za muziki mjini Oslo, lilifunguliwa 1991, na chini yake kulikuwa na chumba cha ardhini ambako kundi zima lilikuwa likikesha. Åkerlund anakaa sana kwenye chumba hicho, na nadhani ndipo alipolielewa jambo lake. Euronymous anakaa kama mzee wa baraza, vijana wamemzunguka, mishumaa, kuta nyeusi, na yeye anatoa kauli. Makanisa yachomwe. Watu wateseke. Mwema ni adui. Wanamsikiliza na kuitikia kwa vichwa.

Kidato cha tatu mwalimu wetu wa fasihi alitufundisha majigambo. Alisema jambo ambalo limenikaa kichwani mpaka leo: anayejigamba ni yule aliyekwisha kutenda. Mtu ametoka vitani, au ameua simba aliyekuwa akimaliza ng'ombe, ndipo anashika mkuki, anasimama mbele ya watu na kujitaja sifa zake, na watu wanaitikia kwa sababu tendo wanalijua. Chini ya Helvete mpangilio umegeuzwa. Jigambo limetangulia, tendo linadaiwa. Nalo deni la namna hiyo halina ubaya wowote mradi wote mliopo ni waongo. Shida inaanza siku anapoingia mtu ambaye hajui kwamba ni maneno tu, akauliza: lini?

Mtu huyo ni Kristian Vikernes, aliyejiita Varg, kutoka Bergen. Mara ya kwanza anamsogelea Euronymous akiwa na koti lenye kiraka cha Scorpions, na Euronymous anakitazama kiraka kile kama mtu anayetazama kandambili msikitini safu ya mbele. Kwetu huku Scorpions ni zile nyimbo za polepole za redio Jumapili jioni, kila mtu anazipenda. Kwao ilikuwa aibu tosha ya kukufukuzisha mezani. Tazama kipande hicho kwa makini, kwa sababu filamu nzima imo mle. Emory Cohen anambeba Varg tangu kile kiraka, unene kidogo, mashavu ya mtoto wa mama, hadi kwenye tabasamu la mtu aliyegundua kwamba bosi wake ni mwoga. Wapo mashabiki wanaolalamika kwamba hafanani naye. Sawa, hafanani. Lakini ile njaa ya kukubaliwa ameipata.

Kisha moto. Kanisa la mbao la Fantoft, Bergen, lilichomwa alfajiri ya tarehe 6 Juni 1992. Lilijengwa karibu mwaka 1150 huko Fortun, likahamishiwa Fantoft 1883, mbao kwa mbao. Karibu miaka 850 ya mbao kavu na lami. Unaweza kufikiria mwenyewe lilivyowaka. Kwenye filamu anayeliwasha ni Varg. Mahakamani, 1994, hakutiwa hatiani kwa Fantoft. Alitiwa hatiani kwa makanisa mengine, likiwemo la Holmenkollen juu ya Oslo. Lakini picha ya magofu ya Fantoft ndiyo iliyokuwa jalada la sahani yake iliyoitwa Aske, yaani Majivu, na nakala elfu moja za mwanzo ziliuzwa pamoja na kiberiti cha gesi. Hilo la kiberiti ni mdogo wangu aliyeniambia, kwa fahari kidogo, kisha akaniangalia usoni na fahari ikapungua.

Mara ya pili nilipokuwa naangalia, kipande hicho ndipo mama alipotoka jikoni. Mama ni wa kwaya ya KKKT, alizaliwa Haydom, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa na Wanorwei mwaka 1955. Kwake Norwei ni nchi ya wakunga na biskuti za kopo. Akasimama na kitambaa cha vyombo mkononi, anatazama mnara unaanguka, cheche zinaruka juu, muziki unapanda.

"Hilo kanisa la wapi?"

"Norwei, mama."

"Norwei hii hii?" Akakaa kwenye mkono wa kochi. "Na asubuhi nani alikuja akalikuta?"

Nikarudisha nyuma kidogo, nikapeleka mbele. Hayumo. Hakuna mchungaji, hakuna mwenye funguo, hakuna bibi wa kijiji anayesimama mbele ya majivu akiwa na mkoba wake wa Jumapili. Makanisa yanawaka moja baada ya jingine, vijana wanapongezana, polisi wanakuja, basi. Åkerlund aliyekuwa akiwacheka kwenye sofa, moto ukiwaka anasahau kucheka. Anaanza kupenda picha. Ni picha nzuri kweli, na ndilo kosa lenyewe. Sikuliona mara ya kwanza. Mama aliliona kwa dakika mbili, akarudi kwenye vyombo vyake.

Haki itendeke, kwenye mauaji ya Lillehammer hafanyi hivyo. Bård Eithun, mpiga dramu wa bendi nyingine, Emperor, aliyejiita Faust, alimuua kwa kisu mwanamume shoga waliyekutana usiku, Agosti 1992, kwenye mji uliokuwa ukijiandaa kwa Olimpiki ya msimu wa baridi. Alihukumiwa miaka 14. Valter Skarsgård anamcheza kimyakimya, na pale msituni hakuna muziki wa kuburudisha wala kamera ya madoido. Mtu anauawa, inachukua muda, inachosha, inatisha. Ukimaliza kuangalia huwezi kumwona Faust kama mtu aliyefanya jambo kubwa. Kama moto nao ungepigwa picha kwa jicho hilo, ningeipa filamu hii alama nyingine.

Malalamiko mengine nayaunganisha. Waigizaji wanaongea Kiingereza cha Kimarekani kitupu, huku wako Oslo, wanasoma gazeti la Kinorwei. Nilikuwa nasahau kila baada ya dakika kumi kwamba hatuko Ohio. Sky Ferreira amepewa nafasi ya dada mpiga picha ambaye kazi yake ni kumfanya Euronymous aonekane ana moyo. Anastahili zaidi ya hapo. Na muziki wenyewe ni mdogo mno. Bendi ya Sigur Rós kutoka Iceland imetunga muziki wa nyuma, wa taratibu, unaelea, ni mzuri, lakini nilitaka kuelewa kwa nini kelele hizi zimemshika mdogo wangu, na filamu haikunijibu. Inaonyesha jukwaa, vichwa vya nguruwe, damu. Haionyeshi mtu akilitafuta pigo la gitaa hadi usiku wa manane mpaka likakaa.

Kichekesho kikubwa kimewekwa karibu na mwisho. Varg anamwita mwandishi wa habari wa Bergen nyumbani kwake ili ajigambe. Anapanga bendera, mishumaa, silaha, anajaribu mikao. Mwandishi anamwuliza maswali ya kawaida tu, wewe ni mshetani, Mnazi au mpagani, na Varg anajibu ndiyo kwa yote. Ni Januari 1993, habari inatoka, polisi wanabisha hodi. Jigambo la safari hii lilikuwa na tendo nyuma yake, ndiyo maana likamfunga.

Tarehe 10 Agosti 1993 Euronymous aliuawa na Varg kwenye ngazi za jengo alilokuwa akiishi, Oslo, kwa majeraha 23 ya kisu. Kwenye filamu amekwisha kunyoa nywele, anazungumza kama mtu anayetaka kukua. Anaomba asiuawe. Yule mzee wa baraza wa chumba cha ardhini anaomba kwa maneno ya kawaida kabisa. Varg alihukumiwa miaka 21, kifungo cha juu kabisa cha Norwei wakati ule, akatoka 2009. Halafu sauti ya marehemu inarudi, inatukataza kumwonea huruma, inajigamba tena. Sikujua nicheke au nifanye nini.

Kwangu ni saba kati ya kumi. Kwa mdogo wangu ni sita, anasema wamewafanya wote waonekane watoto. Nilimkumbusha umri wao.

Usiku ule, baada ya mama kulala, alinivalisha spika za masikioni na kunipigia De Mysteriis Dom Sathanas, albamu ya Mayhem iliyotoka Mei 1994. Gitaa ni la Euronymous. Besi ni ya Varg. Wazazi wa marehemu waliomba besi ile ifutwe, mpiga dramu Hellhammer akawaambia atairekodi upya, lakini besi hakujua kupiga, akaiacha ilivyo, chini chini. Mwimbaji ni Attila Csihar wa Hungaria, ambaye kwenye filamu anachezwa na mwanawe wa kumzaa.

"Sikiliza chini ya gitaa," aliniambia, kidole hewani. "Hapo. Umesikia?"

Wimbo wa kwanza sikusikia. Wa pili nikamwambia arudishe mwanzo.