Nyasi za mapambo: ipi ununue, ipi uiache kitaluni

Mtu akishamaliza pevingi na kupaka rangi fensi, kinachofuata ni kutafuta kitu cha kupanda pembeni ya geti kisichodai maji kila jioni, na hapo ndo zinaingia nyasi za mapambo, yani zile za kichaka zinazodumu miaka, sio za kutandaza chini. Nimezipanga kwa jinsi ambavyo ningetoa hela yangu mimi, najua watu wa pampasi, zile nyasi ndefu zenye manyoya ya kuweka sebuleni, watabisha, haya tutafika.

Ya kwanza ni penisetumu ya zambarau, hilo sina mjadala nalo. Jina likikushinda mwambie muuzaji zile nyasi nyekundu zenye mikia, atakuelewa. Majani yake ni rangi ya damu ya mzee, kichaka kinafika kama mita moja au kuzidi kidogo, mikia inainama yenyewe na upepo ukipita yote inalala upande mmoja, hata ukuta wa tofali usio na plasta unapendeza. Lakini kilichoipa namba moja sio uzuri, ni kwamba mbegu zake haziwi na uhai, so itabaki palepale ulipoiweka. Inazalishwa kwa kugawa shina, basi. Kwahiyo ukiona mtu mtandaoni anauza pakiti ya mbegu za hiyo ya zambarau, muulize amezitoa wapi.

Ukienda kununua usihadaike na mikia, mikia inakauka na mingine inatoka. Angalia chini, hesabu machipukizi. Kiriba kilichobanana machipukizi unaweza kukipasua kwa kisu vipande viwili au vitatu kila kimoja na mizizi yake, na tayari umepata miche mitatu kwa bei ya mmoja, wakati jirani yako amechagua kilichorefuka chenye vishina viwili kisa kina maua. Majani yakiwa ya kijanikijani sio ugonjwa, kimekaa kivulini tu, kikipata jua rangi itarudi kwenye majani mapya. Ndo maana ipande sehemu yenye jua la masaa sita au zaidi, isiyotuamisha maji, uachie sentimita 60 mpaka 90 kati ya mche na mche, pale mwanzo mwagilia vizuri mpaka ishike halafu punguza. Samadi weka kidogo, ukizidisha majani yanarefuka na kulala ovyo. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa ikate yote ibaki kama sentimita 15, usiionee huruma. Wa sehemu za umande kuganda kama Makete ama Limuru, hii itawasumbua, haipatani na barafu.

Ya pili ni mchaichai na hapa naona watu wanacheka. Chekeni, lakini ni kichaka kizuri, kinakaa miaka, hakina makuu, na unachuma chai hapohapo. Usinunue hata, omba shina kwa mtu.

Vetiva nimeiweka ya tatu kwasababu ikiwa peke yake haivutii sana, ila kama kiwanja chako kina mteremko na mvua inakula udongo basi kwako ndo ya kwanza, mizizi yake inashuka chini mita tatu na kuendelea. Panda mstari mmoja wa kukingama mteremko, sentimita 10 mpaka 15 kati ya shina na shina, ukiachanisha sana maji yanapita katikati na umefanya kazi bure.

Kwenye kivuli hizo zote sahau, chukua mondo. Kiukoo sio nyasi kabisa, iko upande wa asparagasi, ni fupi na inakua taratibu mno kwahiyo nunua nyingi kwa mpigo.

Mwisho kabisa, penisetumu ya kijani na pampasi. Hiyo ya kijani kwa asili ni mwenyeji wa huku Afrika Mashariki na Kaskazini, inavumilia ukame balaa, na muuzaji atakupa kwa bei nzuri, ila mbegu zinapeperuka na kuota kwenye pevingi, kwa jirani, kila mahali, na ikikauka kiangazi inashika moto haraka. Hawaii na Afrika Kusini imewatesa, na Umoja wa Ulaya waliiingiza kwenye orodha ya mimea vamizi mwaka 2017. Pampasi nayo, ya Amerika Kusini, inapanda mita mbili mpaka tatu na kingo za majani zinachana ngozi, nyumba yenye watoto wanaokimbizana sikushauri. Kama shida yako ni yale manyoya ya sebuleni, nunua yaliyokwisha kaushwa uyaweke kwenye vasi.