Wikipedia ya Kiswahili na mpiga fidla wetu: nimeitumia mwezi mzima, nawaambia nilivyoiona

Asalaam alaykum jamani. Naandika hii kwa wale wanaoniuliza kama Wikipedia ya Kiswahili inafaa kuwekea habari za wasanii wetu waliotangulia mbele ya haki, maana mie mwezi mzima nimekaa nayo nikimtafutia nafasi mzee mmoja wa mtaani kwetu huku Ng'ambo, mjini Unguja, marehemu sasa, mpiga fidla wa kidumbaki, ule muziki wetu wa harusi za uani, jina silitaji kwa sababu familia hawajanipa ruhusa. Kama harusi yenu ilikuwa mjini miaka ya themanini basi pengine kakupigieni huyu. Fidla alikuwa akiiegemeza kifuani, si kidevuni, macho kayafumba, huku ngoma mbili na sanduku la besi na cherewa za kutikisa zinamfukuza nyuma na akinamama hawana habari ya kukaa.

Huduma yenyewe kwanza. Ni bure, akaunti unafungua sasa hivi, unaandika kwa lugha yako. Ile ya Kiingereza ilianza Januari 2001, yetu ikaja 2003. Nilichokipenda khasa ni kwamba kila kinachobadilishwa kinabaki kwenye historia ya ukurasa, mtu akifuta kitu unaona kafuta nini na saa ngapi, hakuna kufichana. Ushauri wangu usikimbilie kuchapisha, anzia ukurasa wako wa majaribio kisha omba watu waitizame. Mie nilifanya hivo, akaja mhariri mmoja, mtu wa kujitolea tu kama walivyo wote, kwa adabu kabisa akaniuliza suali moja, nani mwengine kaandika habari za huyu mzee?

Hapo ndo penye kazi yote. Wao wana kipimo wanakiita umaarufu, na si umaarufu huu wetu wa barazani. Hawaulizi alikuwa fundi kiasi gani wala kapiga harusi ngapi. Wanataka maandishi ya watu wasiokuwa wake, yamechapishwa pahala panapoaminika, yanamzungumzia yeye kwa kirefu si kumtaja tu, na yawe zaidi ya moja. Mwanamuziki ana na njia nyengine, mfano kapata tunzo kubwa au katoa albamu na kampuni kubwa. Umaarufu haurithiwi pia, kwamba alipiga na kikundi kinachojulikana hakumbebi. Na kufa hakumuongezei mtu kitu, pale si pa kuwekea rambirambi.

Basi nikaingia kutafuta. Tanzia yake ilisomwa redioni, mtaa mzima tuliisikia, lakini tanzia huandikwa na familia wenyewe halafu ikishasomwa imekwenda na upepo. Kuna kituo kimoja cha redio kilimrekodi zamani, nilipouliza nikaambiwa mikanda ile ilitumika tena kurekodia mambo mengine, wallahi nilitoka pale miguu mizito. Magazeti ya zamani nimepekua siku tatu, nikapata tangazo moja la tafrija, kikundi kimetajwa, yeye hayumo. Kitabu kimoja cha mtafiti kutoka nje, yumo, mstari mmoja, jina limekosewa herufi.

Nikaenda kwa mjane wake. Bi mkubwa kanitolea kasha, ndani mna picha nne na kaseti mbili, moja ganda lake limepasuka kalifunga kwa uzi mweusi wa cherehani ili lisifunguke. Juu ya karatasi yake pameandikwa kwa herufi za Kiarabu, nikajua ndo jina la mzee hilo. Siyo. Ni jina la biharusi, na tarehe ya harusi chini yake. Kaseti nzima ni yeye anapiga kuanzia mwanzo mpaka mwisho na pahala pote hapo hakuna aliyeandika jina lake. Nilikaa naitizama muda mrefu.

Na hata picha zile sikuweza kuzitia, kwa sababu kuwa na picha kabatini si kuwa na haki yake, haki ni ya aliyepiga, na aliyepiga hajulikani. Wala maneno ya bi mkubwa siwezi kuyatumia, ni mkewe, halafu hayajachapishwa popote, ukiyatia wewe moja kwa moja yanakuwa utafiti wako binafsi na huo haukubaliwi.

Jirani yangu akaniambia barazani, mbona Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, yumo na hajapiga hata harusi moja hapa? Nikamwambia kuzaliwa kwake Unguja 1946 siko kulikomuingiza, kaingizwa na yaliyoandikwa juu yake dunia nzima. Tizama waimbaji wetu wenyewe wa taarab. Siti binti Saad kafariki 1950, lakini alishakwenda Bombay 1928 kurekodi santuri, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu, mtu wa Tanga, si jamaa yake. Bi Kidude kapewa tunzo ya WOMEX, yale maonesho ya muziki wa dunia, 2005, na alipofariki Aprili 2013 habari ilitoka mpaka Ulaya. Hawa hakuna atakayewahoji. Mzee wetu kidumbaki kilikuwa muziki wa uani, wa watu wasioweza kuita taarab kubwa yenye ganuni na udi, na muziki wa uani hakuna mwandishi aliyekuwa akitumwa kwenda kuusikiliza.

Kwa hiyo mie natoa hukumu yangu hivi: mzee anastahili, makala yake bado haistahili. Hayo ni mambo mawili tafauti na ilinichukua wiki mbili kuyatenganisha rohoni. Kipimo ni kigumu kwetu sisi ambao sanaa yetu imekaa midomoni, hilo nalisema wazi na sitolirudisha, lakini kama wangemkubali kwa neno langu mie jirani yake basi wangelazimika kumkubali na yule wa mtaa wa pili anaemsifu babu yake ambae hata kuimba hakuimba, na hapo mtu wa Pemba au Lamu akisoma atamwamini nani? Ukurasa nikauondoa mwenyewe. Yule mhariri akanielekeza niandike juu ya kidumbaki chenyewe, ngoma zake, sanduku lake, kwa sababu hicho vitabu vipo vinavyokieleza, na mule ule mstari mmoja wa mtafiti nikautumia, kwa hiyo jina lake limo, kwa herufi zake sawasawa. Huduma naipendekeza kwa moyo mmoja, ila nenda na vitabu mkononi.

Bi mkubwa nilimweleza yote. Akanisikiliza, akauliza, "Sasa huyo wa kumwandika anatoka wapi mwanangu?" Nimempata mwalimu mmoja wa muziki, hana udugu nao, kakubali kuja Alhamisi kusikiliza zile kaseti na kuandika makala ya gazeti kwa jina lake mwenyewe. Mie sitoandika, mie nitapika chai. Tatizo ni mashine, redio kaseti yangu inatafuna mikanda na hizi mbili siwezi kuzijaribia, kwa hiyo mwenye nzima hapa mjini naomba aniazime kabla ya Alhamisi, nitaifuata mwenyewe na nitairudisha siku ile ile.