Mkuki wa alumini wa gramu 800, namba 60: mwanafunzi hahitaji zaidi ya huu

Julius Yego alirusha mita 92.72 kule Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia, na tangu hapo si ajabu kusikia mwalimu wa michezo akiulizia dukani mkuki wa namba 80 au 90. Kwa kijana anayerusha mita 40 hivi, hizo ni pesa zinazopotea bure.

Namba iliyochapwa kwenye mpini ni makadirio ya kiwanda tu, kwa mita, kuhusu umbali wa mrushaji anayeufaa mkuki huo. Hakuna kipimo kimoja cha dunia, kwa hiyo 60 ya kiwanda hiki yaweza kuwa ngumu kuliko 60 ya kile. Kwa kawaida, namba ikipanda, mpini hukakamaa. Mkuki mkakamavu huenda mbali iwapo nguvu yote ya mkono imefuata mstari wa mpini hadi kwenye ncha. Ukikosea pembe kidogo, unatikisika hewani, unapoteza mwendo, na kiwiko ndicho kinachoumia. Huu wa 60 humvumilia anayejifunza: makosa yake yanaonekana, lakini hayamwadhibu.

Kabla ya kulipa, pima. Mkuki wa wanaume una urefu wa mita 2.60 hadi 2.70 na uzito usiopungua gramu 800. Uweke juu ya kidole mpaka utulie, kisha pima kutoka hapo hadi kwenye ncha: iwe sentimita 90 hadi 106. Kituo hicho cha uzito kilisogezwa mbele mwaka 1986, baada ya Mjerumani Uwe Hohn kurusha mita 104.80 na viwanja kuanza kuwa vifupi; ndiyo sababu mkuki wa leo huinamisha kichwa mapema. Ukikuta kituo kiko nje ya vipimo hivyo, mwamuzi ataukataa, hata ukiwa mpya kabisa.

Halafu angalia kamba ya kushikia. Inapaswa kuwa na upana wa sentimita 15 hadi 16, isiteleze wala kuzunguka ukiikaza kwa kiganja. Kwenye mikuki ya bei nafuu, kasoro huanzia hapa, kisha kwenye kichwa cha chuma: kikigongwa kidogo kikatoa mlio wa kulegea, rudisha.

Udhaifu mkubwa wa alumini ni kupinda. Mkuki ukitua kwa ubavu, au ukirushwa kwenye changarawe iliyokauka, mpini hupata tumbo dogo ambalo jicho la haraka halilioni. Ulenge kama bunduki, uuzungushe polepole. Ncha ikichora duara, umepinda. Usijaribu kuunyoosha gotini, maana alumini iliyokunjwa mara mbili huweza kukatika palepale. Stoo uning'inize wima au uulaze kwenye vishikio vitatu. Kuuegemeza ukutani muhula mzima nako huweza kuupinda.

Kama wanafunzi wako ni wavulana walio chini ya miaka 18, acha huu kabisa ununue wa gramu 700. Wasichana wa umri huo hutumia gramu 500, na wanawake 600.

Namba 70 iulizie pale mrushaji anapopita mita 55 mara kwa mara na mkuki unatua kwa ncha bila kutikisika. Kama bado unatua kwa ubavu, kinachohitaji kubadilishwa ni mkono.