Nginx, HAProxy au Caddy mbele ya mawingu mawili: uzoefu wangu Mombasa

Natunza mitambo ya kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, ofisi iko mwendo mfupi kutoka Moi Avenue. Wateja wetu wanaagiza magari, mchele, nguo na vipuri, na kutwa nzima wanaingia kwenye tovuti yetu kuangalia kontena limefikia wapi na kupakia hati zao. Ukurasa ukikwama hawangoji. Wanapiga simu, na wengine wanapanda ngazi wenyewe, kwa sababu kontena likipitiliza siku zake za bure bandarini gharama huanza kuhesabiwa kila uchao.

Tuna mashine mbili ndogo kwenye chumba cha seva cha kukodi papa hapa mjini, na hizo ndizo zinazopokea wageni. Programu yenyewe iko kwenye wingu, yaani seva za kukodi zinazofikiwa kwa mtandao, la Afrika Kusini, na nakala yake iko kwenye wingu la kampuni nyingine, Ulaya. Swali langu kwa miaka miwili iliyopita limekuwa moja: ni programu gani ikae mlangoni, ipokee maombi ya wateja na kuyagawa baina ya mawingu hayo mawili bila mteja kuhisi kitu?

Apache, seva ya wavuti ya siku nyingi, nitaipitia haraka. Ipo tangu 1995, inafanya kazi, na mfumo wetu wa zamani wa hati ulioandikwa kwa lugha ya PHP bado unakaa juu yake. Sijauhamisha kwa sababu sheria zake zote zimetawanyika kwenye faili za .htaccess, moja katika kila folda, na aliyeziandika aliondoka kabla sijaajiriwa. Urahisi huo una bei yake: ukiruhusu faili hizo, kila ombi linapoingia Apache hupekua folda moja moja njiani kuona kama ipo. Kwa mfumo unaotumiwa na watu kumi wa ofisini haidhuru. Mlangoni nisingeiweka.

Nginx, seva ya wavuti inayoweza pia kugawa maombi, ndiyo niliyoanza nayo. Igor Sysoev aliitoa kwa umma mwaka 2004, akilenga kuiwezesha seva moja kushika miunganisho elfu kumi kwa pamoja, na hilo linaonekana hata kwenye mashine yenye kumbukumbu kidogo kama zetu. Siku za msongamano, meli tatu zimetia nanga na kila mtu anataka kujua habari za mzigo wake, Nginx haikuonyesha dalili ya kuchoka. Faili yake ya mipangilio inasomeka. Ukiandika nginx -t inakuambia kosa liko mstari gani kabla hujaharibu kitu, na ukiiambia isome mipangilio upya, wateja waliomo ndani hawakatwi. Kwa kutoa picha, kurasa na hati zilizotulia, sijaona sababu ya kuiacha, na sijaiacha.

Mwanzoni wateja walikuwa wakilalamika kwamba hati ndefu hazipandi. Chanzo nilikuwa mimi. Nginx hukubali mzigo wa megabaiti 1 tu kwa ombi moja mpaka uiambie vinginevyo, na hati ya shehena iliyopigwa picha kwa simu inazidi hapo bila taabu. Mstari mmoja wa client_max_body_size ukamaliza kesi. Unayeanza leo, uweke siku ya kwanza.

Mambo yalibadilika Mei 2024. Tarehe 12, siku ya Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika kwenye pwani ya kusini mashariki mwa Afrika, na intaneti ya Kenya, Tanzania na majirani ikalegea. Jumatatu asubuhi simu zilianza kabla sijamaliza mahamri yangu. Tovuti haikuwa imekufa, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu iliwafungukia baadhi ya watu na wengine ikawaacha wakiangalia ukurasa mweupe dakika nzima.

Nilichogundua siku hiyo ndicho kiini cha maoni yangu yote haya, kwa hiyo nitakieleza taratibu. Toleo la bure la Nginx halitumi mtu kwenda kuchungulia kama seva ya nyuma, yaani ile ya winguni inayopelekewa maombi, iko hai. Linasubiri ombi la mteja halisi lishindwe, ndipo linaiweka seva ile kando, kwa kawaida sekunde 10, kisha linaijaribu tena kwa ombi la mteja mwingine halisi. Seva ikikataa muunganisho waziwazi, hilo ni jambo la kufumba na kufumbua: ombi linahamishiwa seva ya pili na mteja hajui. Lakini njia ya baharini ikikatika, hakuna anayekataa. Pakiti, yaani vipande vya data, zinakwenda zikipotelea huko, na Nginx inangoja. Usipogusa mipangilio, hungoja sekunde 60 kabla ya kukata tamaa. Kwa hiyo kila mara mteja mmoja alitolewa kafara ili wengine wapite, kisha baada ya muda akatolewa mwingine. Nilishusha subira hiyo hadi sekunde 3 na hali ikapoa, lakini nilikuwa nimeshaona ufa.

Ukaguzi wa afya unaojituma wenyewe upo kwenye Nginx, ila kwenye toleo la kulipia, NGINX Plus, linalouzwa na kampuni ya F5 tangu ilipoinunua Nginx mwaka 2019. Niliomba ruhusa ya kulinunua. Bi mkubwa wa hesabu, ambaye amekaa na kampuni hii tangu enzi za faili za karatasi, aliniita.

"Mwanangu, hizi dola ni za kitu gani, na kwa nini si shilingi?"

"Ni leseni, mama. Ya kujua seva iko hai au imekufa."

"Basi tafuta njia nyingine ya kujua. Juzi tu Januari dola ilikuwa shilingi 160."

Sikumlaumu. Hesabu ya leseni inayopandishwa na kushushwa na dola haipangiki kwenye biashara ya ukubwa wetu, na agizo lake ndilo lililonipeleka kwenye HAProxy.

HAProxy ni kazi ya Willy Tarreau, ina zaidi ya miaka 20, na ni programu huria. Kazi yake ni moja: kusimama katikati na kugawa mzigo. Ukaguzi wa afya umo ndani yake bure. Ukiongeza neno check kwenye mstari wa seva, inaibishia hodi kila sekunde 2. Ikikosa jibu mara 3 mfululizo inaitoa, ikijibu mara 2 inairudisha. Hakuna mteja anayetumwa mbele kama chambo. Mimi nimeiambia ikague ukurasa unaogusa hifadhidata, maana seva inaweza kuwa hai huku ndani imeoza.

Kitu kingine nilichokipenda ni ukurasa wake wa takwimu. Upande huu kijani, upande ule nyekundu, foleni ina watu wangapi, makosa mangapi. Kijana aliyekuja kujifunza kazi aliuelewa siku ya kwanza. Kwa Nginx ya bure unapata namba chache tu za jumla, na mengine utayasaka mwenyewe kwenye kumbukumbu za matukio.

Kasoro zake? HAProxy si seva ya wavuti. Haikutolei faili kutoka kwenye diski, kwa hiyo Nginx imebaki nyuma yake ikitoa picha na kurasa. Lugha ya mipangilio yake nayo ina ukakasi. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nasoma mwongozo usiku nyumbani Tudor kama mtu anayejiandaa na mtihani. Lakini ukishaizoea haikushtukizi.

Niseme haki ya Nginx pia. Zamani toleo la bure lilitafuta anwani ya seva ya nyuma mara moja tu linapowaka, na kwa kuwa mawingu hubadilisha anwani yanavyotaka, ilibidi uisomeshe upya. Tangu toleo la 1.27.3, la mwishoni mwa 2024, uwezo wa kufuatilia anwani hizo umeingia kwenye la bure. Kwa wanaotumia mawingu mawili hilo ni jambo kubwa.

Caddy, seva ya wavuti nyingine, nimeiweka kwenye duka la shemeji yangu pale Mwembe Tayari, anauza vipuri vya pikipiki na ana tovuti ya kurasa tano. Inajitafutia cheti cha usalama yenyewe na kukihuisha yenyewe. Vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, vimekuwa vikidumu siku 90, na aliyewahi kuamshwa saa nane usiku kwa sababu cheti kimeisha atajua kwa nini namwambia kila mwenye biashara ndogo aanzie hapo. Faili yake nzima ni mistari minne. Kwa ofisi yetu sikuihitaji, lakini ningekuwa naanza upya peke yangu, ningeifikiria sana.

Sasa njia yenyewe baina ya mawingu. Wapo wanaouza programu za kuunganisha mawingu mengi kwa dirisha moja: unachora sheria mara moja, zinatumika kote. Nilijaribu mojawapo kwa siku 30, jina naliacha. Ilikuwa nzuri kwa kweli, na mwenye matawi ishirini kwenye mawingu manne asiidharau kwa sababu ya ninachosema hapa. Tatizo letu ni kwamba dirisha lile la kuamuru liko ng'ambo. Siku intaneti ya nje ilipoyumba, data iliendelea kupita, lakini sikuweza kubadilisha sheria hata moja, na siku hiyo ndiyo nilikuwa na haja ya kubadilisha.

Nikarudi kwenye WireGuard, programu ya kuunganisha mitandao kwa njia ya siri, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020. Mahandaki matatu: Mombasa hadi Afrika Kusini, Mombasa hadi Ulaya, na moja kati ya mawingu yenyewe. Funguo ziko mkononi mwangu. Ilinisumbua jambo moja: kurasa ndogo zilifunguka, hati kubwa zikaganda. Pakiti zilikuwa pana kuliko njia. Nilipunguza upana wa pakiti kutoka baiti 1420 hadi 1380 kila upande, zikapita.

Gharama msizisahau. Mawingu hayakutozi data inapoingia, hukutoza inapotoka. Mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft zilitangaza kuwaondolea ada hiyo wateja wanaohama kabisa. Anayeishi katika mawingu mawili kama sisi hahami, kwa hiyo analipa kila nakala inapovuka. Ndiyo maana picha za hati tunazihifadhi Mombasa kwanza, na kinachovuka usiku ni zilizobadilika tu.

Wala hakuna programu itakayofuta umbali. Mwanga kwenye nyuzi hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka hapa hadi Cape Town kwa njia ya bahari ni zaidi ya kilomita 4,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 40 na ushei kabla seva haijafikiria chochote. Ukurasa wetu wa zamani ulikuwa ukiiuliza seva maswali 14, moja baada ya jingine. Tulipoyafanya matatu, wateja wakasifu "seva mpya". Seva ilikuwa ileile.

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya saa tatu usiku, nazima wingu moja kwa makusudi. Mara ya mwisho HAProxy ilihama ndani ya sekunde 7. Kusoma kuliendelea vizuri, lakini mteja mmoja aliyekuwa akipakia hati alirudishiwa kosa, kwa sababu hifadhidata inayopokea maandishi bado ni moja, Afrika Kusini, na ile ya Ulaya ni ya kusoma tu. Kuipandisha cheo nakala ile bila kupoteza maandishi ya dakika ya mwisho ndiyo kazi iliyo mezani kwangu mwezi huu.