Land Rover ya Mjomba: Tufungue Boneti Tuone Injini Yenyewe

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo tupo Pasua, hapa Moshi, kwenye gereji ya fundi wangu, na gari ni Land Rover Series III, ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ya mwaka 1974. Ni ya mjomba wangu. Imeshusha mikungu ya ndizi kutoka Mwika tangu mimi sijazaliwa. Rangi na viti leo sivigusi. Nataka muione injini.

Land Rover za kwanza, mwaka 1948, zilikuwa na injini ya petroli ya lita 1.6, nguvu za farasi kama 50 tu. Valvu za kuingiza hewa zilikaa juu kwenye silinda hedi, za kutolea moshi zikakaa ubavuni. Ikaja lita 2.0, mpangilio ule ule. Mwaka 1958 ndipo ilipotoka hii mnayoiona, cc 2,286, valvu zote juu, farasi 70 na ushee.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Mwaka mmoja kabla, Rover walikuwa wametoa injini ya dizeli. Dizeli inabana hewa kwa nguvu sana, lazima bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, liwe nene. Hii ya petroli ikazaliwa humo humo. Kwa hiyo mna petroli yenye mifupa ya dizeli! Ndiyo maana ina miaka yote hii na bado inavuta mlima kwa mzunguko mdogo, bila kupiga kelele.

Sogeza kamera. Fundi ameshatoa kifuniko cha valvu. Anapitisha fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi, cha inchi 0.010, chini ya roka, ile mikono inayosukuma valvu. Ikikwaruza kidogo, kipimo kimekaa. Zote nane kipimo kimoja. Spana na bisibisi, basi.

Na hili dude la pembeni ni chujio la hewa. Halina karatasi ndani. Chini lina bakuli la oili, hewa inapita juu yake na vumbi linanasa humo. Tazameni hili tope! Ni vumbi la njia ya Kahe, la wiki mbili tu. Lingeingia kwenye silinda, pistoni zingekwisha mapema.

Ubovu wake nao niuseme. Kabureta hii ya Zenith, inayochanganya petroli na hewa, kifuniko chake kinapinda kwa joto, petroli inavuja kwa ndani, na gari likisimama injini haitulii. Wiki iliyopita tulipanda nayo Marangu mpaka getini, zaidi ya mita 1,800, ikaanza kutoa moshi mweusi. Kule juu hewa ni nyepesi, na kabureta haina namna ya kujua, inamwaga petroli kama ipo Moshi mjini. Magari ya sasa yana sensa, yanajirekebisha yenyewe. Fundi ametandika msasa juu ya kioo, amekisugua kile kifuniko taratibu mpaka kimekaa sawa. Kazi ya nusu saa.

Krankishafti ya hii, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imeshikwa na beringi kubwa 3. Kuanzia 1980 wakaweka 5, inazunguka laini zaidi. Ukikutana na hiyo, ichukue. Ila kama unataka gari la kwenda Arusha na kurudi kila siku, tafuta jingine, hili ni zito na linakunywa. Mwenye shamba mlimani, mimi namwambia anunue bila wasiwasi.

Haya, shikamoo mjomba, tuwashie. Leo betri tumeitoa makusudi... samahani, waya wa stata tu ndio tumeuchomoa, betri ipo, plagi zinahitaji moto. Hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono inapita kwenye tundu la bampa, mnaona? Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, injini ikirudisha isikuvunje mkono. Choki imevutwa. Mara ya kwanza... bado. Ya pili... hiyo! Sikilizeni inavyotulia.